Jicho la Angani na Shauri la Mto Ruaha



Liko swali ambalo vijana wetu hapa Kidodi hulirudia mara kwa mara, wanapotazama katika simu zao picha za nchi zilizopigwa kutoka angani. Huuliza: "Mwalimu, ni kweli kwamba vyombo hivi huiona mito yetu, misitu yetu na mashamba yetu, na kwamba vyaweza kutuambia ni nani anayeviharibu?"

Swali hili lina sehemu mbili, na jibu lake pia ni la sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni kweli: vyombo hivyo huona, tena huona mengi kuliko tunavyodhani. Sehemu ya pili si kweli. Chombo cha angani huona lililotokea; hakimjui aliyelitenda, wala hakijui kwa nini amelitenda. Mtu asiyeyatenga mambo haya mawili aweza kuwadhulumu watu wengi, huku mwenyewe akidhani kwamba anautetea mto au msitu.

Siyaandiki haya kwa kuwa mimi ni mtaalamu. Elimu yangu ni ya chuoni na ya shule ya msingi. Walakini mto ninaotaka kuutolea mfano wapita karibu na milango yetu, na shauri lake limeandikwa na wenye elimu kwa miaka mingi, na kila asomaye kwa subira aweza kulifahamu.

CHOMBO CHENYEWE

Tarehe 23 Julai 1972 Wamarekani walirusha angani chombo cha kuitazama ardhi, ambacho baadaye kilipewa jina la Landsat. Tangu siku hiyo vingine vimefuata, na daftari la picha zao halijafungwa hata leo. Viwili vifanyavyo kazi sasa ni cha 8, kilichorushwa mwaka 2013, na cha 9, kilichorushwa mwaka 2021. Hupita juu yetu kwa urefu wa kilomita 705 hivi, masafa makubwa kuliko safari ya kutoka Dar es Salaam mpaka Iringa. Huizunguka dunia kwa muda wa dakika 99, na kila mzunguko hupiga picha ukanda wa nchi wenye upana wa kilomita 185. Kila kimoja hurudi mahali pale pale baada ya siku 16, na kwa kuwa vimepishana zamu, shamba lolote hapa kwetu hupigwa picha kila baada ya siku 8. Hupita mnamo saa 4 asubuhi, wakati wengi wetu tuko shambani, wala hatusikii kitu.

Watu wa Ulaya nao wana vyombo vyao viitwavyo Sentinel. Vile vya namba 2, ambavyo cha kwanza kilirushwa mwaka 2015, hurudi mahali pamoja kila baada ya siku 5. Vile vya namba 1, vilivyoanza mwaka 2014, hutumia rada, nayo hupenya mawingu na hufanya kazi hata usiku. Hilo ni jambo kubwa kwa nchi kama yetu, ambayo wakati wa masika hufunikwa na mawingu kwa majuma mengi.

Picha yenyewe ni kama mkeka. Ukiutazama mkeka kwa mbali waona ua au msitari wa rangi. Ukiusogelea waona kwamba ua lile limefanywa kwa vijiraba vidogo vya ukili, na kila kijiraba kina rangi moja tu. Picha ya Landsat imefanywa kwa viraba ambavyo kila kimoja ni mita 30 kwa mita 30 za ardhi. Kiraba cha Sentinel-2 ni mita 10 kwa mita 10. Ndani ya kiraba kimoja vyote huchanganyika: jaruba, tuta, mti na njia. Kwa hiyo picha hizi hazimwoni mtu, wala hazimwoni ng'ombe. Zile picha za simu zionyeshazo mapaa ya nyumba zetu ni za vyombo vingine vyenye macho makali zaidi, lakini aghlabu mahali pamoja huwa na picha chache, na pengine picha uionayo leo ilipigwa miaka kadhaa iliyopita.

Walakini viraba hivyo vina elimu ambayo jicho letu halina. Jani bichi huunywa mwanga mwekundu, na huurudisha kwa wingi mwanga wa aina nyingine usioonekana na binadamu, ulio ng'ambo ya wekundu. Maji huunywa mwanga huo karibu wote. Udongo mkavu hufanya kwa namna yake. Basi chombo hupima mianga hiyo yote pamoja, na kwa kuilinganisha mtaalamu hutenga msitu na nyasi, shamba na jangwa, kinamasi na nchi kavu. Na akilinganisha picha ya mwaka huu na ya miaka 30 iliyopita, huona wapi msitu umeondoka na wapi maji yamerudi nyuma. Tangu mwaka 2008 picha zote za Landsat, za zamani na za sasa, hutolewa bila malipo kwa mtu yeyote duniani. Kijana wa Kidodi ana haki ya kuzifungua sawa na waziri.

MTUNGI WA USANGU

Sasa tuje kwenye mto. Ruaha Mkuu huanzia katika nchi za juu za Mbeya na Njombe. Vijito vyake hushuka katika bonde pana la Usangu, wilaya ya Mbarali, na huko maji hutulia katika kinamasi kikubwa cha matete kiitwacho Ihefu. Ihefu ni kama mtungi: hujazwa wakati wa mvua, kisha hutoa maji yake kidogo kidogo wakati wa kiangazi, yakipita juu ya kizingiti cha mwamba mahali paitwapo Ng'iriama. Maji yakiwa juu ya kizingiti, mto hutiririka. Yakishuka chini yake, hayatoki hata kama kinamasi chenyewe bado kina maji. Kutoka hapo mto huingia katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, hufika bwawa la Mtera, kisha bwawa la Kidatu, ndipo hutokea kwetu na kuelekea Rufiji na baharini.

Wazee wa hapa wanakumbuka mitambo ya Kidatu ilipoanza kutoa umeme mwaka 1975. Nguvu yake ni megawati 204. Mtera ilijengwa juu yake iwe ghala la maji, ikakamilika mwaka 1980, na mwaka 1988 ikawekewa mitambo yake yenyewe ya megawati 80. Katika miaka ya 1990 zaidi ya nusu ya nguvu ya umeme wa maji wa nchi nzima ilikuwa katika mabwawa haya mawili.

Kisha yakaja mambo mawili kwa wakati mmoja. La kwanza, kuanzia mwaka 1993 mto ulikatika kiangazini ndani ya Hifadhi ya Ruaha, jambo ambalo halikuwa desturi yake, na ukarudia kukatika miaka iliyofuata. Viboko walibanana katika vidimbwi vya matope. La pili, miaka hiyo hiyo nchi iliingia katika mgao wa umeme. Watu wakayaunganisha mambo haya mawili, wakasema: maji ya umeme yameliwa Usangu. Na huko Usangu washitakiwa walikuwa tayari: wakulima wa mpunga na wafugaji wa ng'ombe.

Sisi tulio chini ya mto tuliyasikia maneno hayo na wengi tuliyaamini, kwa kuwa aliye gizani hutafuta upesi mtu wa kumlaumu.

PICHA ZILISHUHUDIA NINI

Wataalamu, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Sokoine hapo Morogoro, waliyafungua madaftari ya angani. Walilinganisha picha za Usangu za mwaka 1973, za mwaka 1984 na za mwaka 2000. Ushahidi wao ulikuwa dhahiri. Kinamasi chenye majani kilikuwa kimepungua, na msitu mnene ulikuwa umepungua. Mashamba yalikuwa yameongezeka sana, na mahali pa msitu pamekuwa vichaka na nyika. Watafiti hao pamoja na wenzao wa Taasisi ya Kimataifa ya Usimamizi wa Maji walipiga hesabu za maji kutoka mwaka 1958 hadi 2004. Waliona kwamba maji yaingiayo Ihefu katika miezi ya kiangazi yamepungua kwa asilimia 70 hivi, na kwamba eneo la kinamasi katika kiangazi limeshuka kutoka kilomita za mraba 160 mpaka 93.

Huo ni ushahidi mzito, wala haifai kuukataa. Mtu wa Usangu angesema, "Hakuna kilichobadilika, bonde ni lile lile," picha zingemkanusha. Hii ndiyo faida kubwa ya jicho la angani: halina ndugu wala mgeni, halisahau, wala halipendezwi na maneno ya mtu. Zamani mabadiliko ya nchi yalikuwa katika vichwa vya wazee, na mzee akifa yalizikwa pamoja naye. Sasa yameandikwa.

PICHA HAZIKUSHUHUDIA NINI

Lakini tazameni, ndugu zangu, yale ambayo picha hazikuyasema.

Kwanza, hazikusema ni nani aliyeyanywa maji. Walioshitakiwa walikuwa watatu: ng'ombe wakanyagao nchi, wakataji wa miti milimani, na mifereji ya mashamba. Katika picha wote watatu hufanana, kwa kuwa kinachoonekana ni kinamasi kilichosinyaa tu. Ilibidi watu waende kwa miguu, wapime maji katika mito na katika mabanio ya mifereji, mwezi kwa mwezi. Kazi hiyo ilifanywa na miradi ya utafiti kuanzia mwaka 1998, na jibu lake halikuwa lile lililokuwa likitangazwa. Sababu kubwa ya mto kukatika kiangazini ilikuwa ni mifereji iliyoachwa wazi katika miezi ambayo mpunga wenyewe umekwisha kuvunwa au haujapandwa. Maji yaliendelea kuingia mashambani, mengine yakitumiwa majumbani na katika bustani, na mengi yakipotea njiani. Ng'ombe na wakata miti hawakuwa ndio waliokausha mto.

Pili, picha hazikusema kwamba kukatika kwa mto ndiko kulikoleta giza. Ghala la Mtera hujazwa na maji mengi ya masika. Maji ya kiangazi kutoka Ihefu, hata katika siku zake njema, ni machache mno mbele ya ghala hilo. Tena Mtera haitegemei Usangu peke yake. Iko mito mingine imiminayo humo, kama vile Ruaha Mdogo na Kisigo. Wataalamu waliopitia hesabu za mabwawa ya Mtera na Kidatu kwa miaka ile ya mgao waliona kwamba namna maji yalivyofunguliwa kutoka katika mabwawa yenyewe ilikuwa na sehemu kubwa katika upungufu ule. Basi kilio cha viboko kilikuwa na sababu yake, na kilio cha taa kilikuwa na sababu nyingine. Aliyevitia vilio viwili katika kesi moja alikosea, hata kama picha alizoonyesha zilikuwa za kweli.

Tatu, picha huwa na majira. Ukichukua picha ya Usangu ya mwezi wa Mei na kuilinganisha na ya Novemba, utaona kinamasi kimekufa, ilhali ni masika na kiangazi tu. Ukichukua ya mwaka 1998, baada ya mvua kubwa za El Niño, waweza kumwonyesha mtu kwamba kinamasi kimestawi. Mwenye nia mbaya hahitaji kughushi picha. Yamtosha kuchagua tarehe.

HUKUMU ILIYOTANGULIA

Mwezi wa Machi mwaka 2001 Waziri Mkuu wetu wa wakati ule, Ndugu Frederick Sumaye, alitangaza mjini London kwamba Serikali itafanya kila juhudi ili Ruaha Mkuu utiririke mwaka mzima ifikapo 2010. Nia hiyo ilikuwa njema, na kila apendaye mto lazima aisifu. Lakini mwaka 2006 na 2007 njia iliyochukuliwa ilikuwa ni kuwahamisha wafugaji na mifugo yao kutoka Usangu. Maelfu ya ng'ombe waliswagwa kuelekea mikoa ya Pwani na Lindi. Jamaa ziliondoka na watoto, na wengine walipoteza mali ya maisha yao yote njiani. Mwaka 2008 sehemu kubwa ya bonde ikatiwa ndani ya mipaka ya Hifadhi ya Ruaha.

Mwaka 2010 ulifika, na mto bado ulikuwa ukikatika kiangazini. Mwaka 2022 habari za kukatika kwake zilijaa tena katika magazeti na redio. Ng'ombe waliondolewa, mifereji ilibaki.

Sisemi kwamba mfugaji hana wajibu. Mifugo mingi mahali pamoja huharibu majani na kingo za mito, na hilo halina ubishi. Nasema kwamba mtu aliadhibiwa kwa kosa ambalo vipimo havikumthibitishia. Watoto wetu chuoni hufundishwa mapema kwamba kadhi hahukumu mpaka amesikiliza pande zote mbili, na kwamba shahidi huulizwa ameona nini kwa macho yake, si anafikiri nini. Jicho la angani nalo ni shahidi. Liulizwe lilichoona, wala lisivishwe kilemba cha kadhi.

Na haki hukata pande zote. Shahidi huyu aweza kumwokoa mnyonge vilevile. Picha za tangu miaka ya 1970 zaonyesha wapi palikuwa na mashamba kabla ya mpaka fulani kuchorwa. Mwanakijiji aambiwaye kwamba ameingia juzi katika eneo la watu, naye babu yake alilima hapo, aweza kuomba picha za zamani zifunguliwe. Zamani alikuwa na maneno matupu mbele ya karatasi za ofisi. Leo anayo mashahidi, ikiwa tu yuko mtu karibu naye ajuaye kuyasoma.

SASA ZAMU NI YETU

Kwa nini nawaambia watu wa Kidodi habari za Usangu? Kwa sababu tumezoea kujiona tuko chini ya mto, watu wa kuonewa. Siku hizi tuko juu pia. Huko mbele, katika mto Rufiji, limejengwa Bwawa la Julius Nyerere. Lilianza kujazwa maji tarehe 22 Desemba 2022, likaanza kutoa umeme mwaka 2024, na nguvu yake ni megawati 2,115, mara kumi ya Kidatu. Ruaha Mkuu huingia Rufiji kabla ya bwawa hilo, na huchangia takriban asilimia 15 ya maji yake. Basi kila tone tulitumialo hapa, na kila mti tukatao milimani, vimo katika hesabu ya bwawa hilo.

Itazameni nchi yetu kama inavyoonekana kutoka juu. Kuna kijani cheusi cha milima ya Udzungwa, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1992. Chini yake kuna viraba vilivyonyooka vya miwa, upande wa Ruembe na upande wa Kidatu, vingine vya kiwanda na vingine vya wakulima wadogo. Mbele kidogo, katika bonde la Kilombero, kuna kipande cha msitu wa Magombera, kisichozidi kilomita za mraba 26 au 27, kilichobaki kama kisiwa katikati ya mashamba mpaka kikapewa ulinzi wa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2019. Upande wa kaskazini kuna nyika za Mikumi, ambazo moto ukiwashwa, vyombo vya angani huutambua kwa joto lake, na alama yake huonekana katika ramani za dunia kwa muda wa saa chache. Na katika vilima vya Kilosa kuna mabaka ya mahali palipochomwa mkaa.

Hebu fikirini mwaka wa ukame. Maji yanapungua Rufiji, taa zinazimika mijini. Mtu aliye ofisini, mbali na hapa, anafungua picha ya mwezi wa Septemba. Nchi yote ni kahawia, isipokuwa viraba vyetu vya miwa vilivyo kijani. Ataweka kidole hapo na kusema, "Hawa ndio." Je, siku hiyo tutataka nini? Tutataka aje kwa miguu. Tutataka apime maji yaingiayo katika mifereji na yatokayo. Tutataka atutenge mwenye ekari 2 na mwenye maelfu ya hekta. Tutataka ahesabu pia maji ya mabwawa. Yale tutakayoyataka siku hiyo, ndiyo yaliyowapasa ndugu zetu wa Usangu siku yao.

Chukueni mfano mdogo zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au chanzo cha maji. Katika picha ya Landsat, mita 60 ni viraba viwili tu. Katika ya Sentinel-2 ni viraba sita. Shamba lililo mita 20 kutoka mtoni litaonekana dhahiri kwamba limeingia. Lakini shamba lililo mita 55 au 65, kiraba cha mita 30 hakiwezi kulihukumu kwa uadilifu. Hapo yatakiwa kamba ya kupimia, pamoja na mwenye shamba na jirani yake wakiwa wamesimama hapo hapo. Anayesema kwamba picha yatosha hajui ukubwa wa kiraba chake.

YATUPASAYO

Basi ndugu zangu, wazee na mama zangu, na hasa vijana wetu, nayaona mambo manne ya kushika.

La kwanza, tusiikatae picha kwa kuwa yatuumiza. Ikionyesha kwamba msitu wa kijiji umeliwa ukingoni, tusiseme mashine imekosea. Twende tukaone, na tukiukuta umeliwa kweli, tukubali na tuulinde uliobaki.

La pili, tusiipokee picha bila kuiuliza. Kila tuonyeshwapo picha mkutanoni, na aliyeileta awe ni nani, tuulize kwa adabu maswali matatu: ilipigwa tarehe ngapi na katika majira gani, kiraba chake ni mita ngapi, na ni nani aliyekwenda mahali hapo kuthibitisha. Maswali haya hayahitaji shahada. Mwanamke alimaye bustani kando ya mto aweza kuyauliza, na jibu lake litaonyesha kama shauri limetafutwa au limebuniwa.

La tatu, tuwe na daftari letu wenyewe. Kijiji kisicho na kumbukumbu huandikiwa historia yake na wengine. Mvua ya kila siku yaweza kupimwa kwa chombo cha bei nafuu. Kina cha mto chaweza kusomwa kwenye mti uliotiwa alama. Tarehe za kufungua na kufunga mifereji zaweza kuandikwa na katibu. Hayo ndiyo yatakayozungumza na picha. Picha pamoja na daftari la kijiji ni mashahidi wawili. Picha peke yake ni shahidi mmoja aliye mbali.

La nne, tuwasomeshe watoto elimu hii. Si elimu ya mbali. Chuo Kikuu cha Sokoine kiko Morogoro, mkoa wetu wenyewe, na hapo ndipo kilipo kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni ya misitu, ambacho hutegemea picha hizi. Nairobi kuna kituo cha nchi za Afrika cha upimaji ramani kwa ajili ya maendeleo, kilichoanzishwa mwaka 1975, na nchi yetu ni mwanachama wake. Wenzetu wa Kenya walirusha setilaiti yao ya kuitazama ardhi, iitwayo Taifa-1, tarehe 15 Aprili 2023. Vijana wetu wa kike na wa kiume wasidhani kwamba mambo haya ni ya Wazungu peke yao. Hesabu wanazofundishwa shuleni, na subira wanayofundishwa chuoni ya kurudia herufi mpaka ikae sawa, ndizo zitakiwazo katika kazi hii.

Mzazi aliye na simu nyumbani, usiku mmoja baada ya chakula na awaite wanawe, wafungue picha ya Kidodi ya zamani na ya sasa, waziweke pamoja. Awaonyeshe nyumba ilipo, mto ulipo na msitu ulipokuwa. Kisha awaulize, "Tunaona nini?" na wakiisha kujibu awaulize tena, "Na ni nini tusichokiona?" Akiwazoesha maswali hayo mawili, amewapa elimu ambayo wakubwa wengi walioamua shauri la Usangu hawakuitumia.

Mwezi ujao, Insha Allah, tutaeleza namna ya kupima mvua nyumbani na kuiandika katika daftari, ili kila mwenye nia aanze kabla ya masika.

Wassalaam Alaykum.